Udongo wa Bondeni

Nyumba Na. 7,
Kambi ya Kitalu cha Miti.
Tarehe 14 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanaelewana na ngazi za hapo kwa binti yako, na kwamba dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto. Huku sote tu wazima wa mwili. Ningekupigia simu, ila ningelia kabla hujaitikia marahaba.

Serikali imemwaga fedha kupanua mashamba ya misonobari. Vilima vyote viwili ulivyoviacha na nyasi vitapandwa miti ya mbao, na kitalu ulichoniachia nikisimamie kimeagizwa miche laki sita. Kina mama wa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, sasa wamefika arobaini. Hata lile bomba lako lililovuja miaka yote limezibwa.

Lakini Mjomba, miche inageuka njano. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mche wa msonobari haushiki mpaka uchanganyiwe udongo wa chini ya misonobari mikongwe, wenye ule ukungu mweupe unaolisha mizizi. Mvua zilikata njia ya msitu wa zamani, na mkuu wa shamba alikuwa ananihimiza kutwa. Basi nikamwambia Polepole, dereva wa trekta, achote udongo mweusi wa bondeni. Ulipendeza macho. Haraka haraka haina baraka, na mimi kichwa ngumu.

Nusu ya miche imedumaa, haizidi kidole. Mkaguzi wa wizara anakuja Ijumaa. Naogopa, Mjomba. Nikisikia gari getini nakimbilia dirishani kuchungulia. Nikifukuzwa kazi, nyumba nayo inakwenda, na watoto hawa nitawalaza wapi?

Juzi mkuu wa shamba alimsimamisha Polepole kazi, eti kaleta udongo usiofaa. Aliulizwa ni nani aliyemtuma bondeni. Akanitazama, akangoja. Mimi nilikuwa pale pale na ndoo ya kumwagilia, nikainamia viatu vyangu.

Jana kaja hapa nyumbani, kofia mkononi. Nilidhani kaja kunitukana. Kumbe anaomba nimwandikie barua ya kujitetea, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

"Dada, wewe andika tu ilivyokuwa," akasema.

Nimeandika ukurasa mzima: mvua, njia, trekta, bonde. Jina la aliyemtuma sijaliandika. Kesho asubuhi anakuja kuichukua, na iko hapa mezani kando ya hii yako.

Nisalimie binti yako na mumewe, na wajukuu wote wanaokufichia miwani. Mungu akulinde huko uliko, na mimi anipe ujasiri kabla Polepole hajabisha hodi.

Mpwa wako akupendaye,
yule uliyemwita Chiriku kwa kutonyamaza.