Muthokoi wa Baba

Kalama, Agosti 1998

Kwa Baba,

Mbuzi amezaa mapacha, na Mama anakusalimu.

Nilipokuletea mfuko wa muthokoi huko Athi River, yule mwanamke niliyemkuta nyumbani kwako aliuliza mimi ni nani. Ukamjibu, "Ah, ni kasichana ka jirani, hutumwa tu." Watoto wake wakawa wanakuita baba na kugombania mfuko. Leo nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Baba, mahindi ya muthokoi huo Mama huyatwanga hadi anatoka malengelenge mikononi, maana ulisema maganda yanakuumiza tumbo. Sasa hivi yuko kwenye kinu, anakutwangia mengine, anaimba. Sijamwambia.

Njoo Jumapili umwambie mwenyewe. Usipokuja, nitamwambia mimi, na muthokoi wako watakula kuku.

Binti yako, hata ukinikana,
Mwongeli