Bawa Uliloshindwa Kuliachia

Mpendwa baba,

Leo nimefungua karakana, kama ulivyotaka. Mlango wa bati bado unakwama chini, na bado naupiga teke palepale ulipokuwa ukiupiga wewe. Keko hawajambo. Vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye chai yangu, na mteja wa kitanda amekuja tena kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia, "Fundi mwenyewe ndo mie." Akacheka. Mimi sikucheka.

Unazikumbuka zile siku chache tulizokaa kwenye klabu ya ndege zisizo na injini, nje ya mji, njia ya Kisarawe? Walituita tuwafungie makabati kwenye banda lao. Wewe ulifuata kazi. Mimi nilifuata nafasi ya kutoka Keko, ingawa sikukwambia. Desturi yao ilikupendeza: pale hakuna mgeni wa kukaa tu. Ukisaidia kusukuma ndege, nawe unapewa zamu ya kupanda. Zamu yako uliikataa katakata. "Mie huku chini kunanitosha," ulisema, ukanisogeza mbele mimi.

Nikafungwa mikanda, mwalimu Tausi akakaa nyuma yangu. Ndege ile ina gurudumu moja tu, kwa hiyo lazima mtu ashike ncha ya bawa isije ikalala upande. Kamba ya kuirusha ikianza kuvuta, mtu huyo anakimbia nayo hatua chache, kisha anaachia. Uliomba ushike wewe. Kamba ikavuta, ukakimbia na kandambili zako, ukaendelea kukimbia. Hukuachia, baba! Ndege ikageuka upande kama mbuzi aliyevutwa sikio. Tausi akaifungua kamba upesi, tukasimama kwenye nyasi.

"Shikamoo mzee, lakini bawa linaachiwa!" alikwambia.

"Marahaba, mwanangu, nisamehe. Sie mafundi tukishika kitu tunashika mpaka gundi ikauke."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi niliangalia mikono yako. Vidole vilikuwa bado vimekunjwa.

Kesho yake bawa lilishikwa na mtu mwingine, nawe ukasimama kando, mikono nyuma. Nikapaa. Sikuwahi kukueleza vizuri kulivyo kule juu. Hakuna msumeno, hakuna anayekuita, ni upepo tu unapita. Nilikuona chini, mdogo, umesimama peke yako, na leo nasema ukweli: sikutaka kushuka. Niliposhuka uliniuliza neno moja tu: "Umerudi?" Nikasema nimerudi. Tukaenda kumalizia makabati.

Halafu ukaugua. Pale hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Karakana usiiachie." Nikaitikia. Ningesema nini, baba? Radhi ya mzazi haichezewi. Tangu siku hiyo niko humu kama ubao kwenye jiliwa, nimebanwa huku na huku. Nikilala naota napiga msasa. Nakupenda, na nimekukasirikia. Yote mawili, tena kwa moyo mmoja.

Sasa Tausi amepiga simu. Wanatafuta mtu wa kukaa kule klabuni, atunze banda na ajifunze kurusha. Anataka jibu Jumamosi. Nimeandika ujumbe wa kukubali, nikaufuta, nikauandika tena. Mama anasema, "Amua mwenyewe, mie sina neno," halafu anaingia jikoni na kugonganisha sufuria ambazo hazina kosa. Vijana wawili uliowafundisha wewe wanaweza kuiendesha karakana, na wenyewe wameniambia hivyo. Kinachonizuia si mbao wala wateja. Ni mkono wako tu. Mpaka leo nausikia kwenye kiganja changu.

Ujumbe uko hapa kwenye simu, sijautuma. Nakuomba ruhusa, nami najua hutajibu, ndiyo maana naomba kwa sauti, humu ndani, peke yangu. Ulinishika vizuri, baba. Nimeungana, sitabomoka. Gundi imekauka.

Achia.

Pumzika salama.

Binti yako, ambaye mpaka jioni hii bado yuko Keko