Mto Ulioganda wa Hradec Králové

Mdogo wangu Jonasi,

Hamjambo hapo mtaani kwenu Bertrams? Mimi na kwaya tumefika salama Hradec Králové, mji wa Ucheki wenye mito miwili. Baridi ya huku, eish, inauma mpaka kwenye meno!

Leo asubuhi nimemwona bibi mmoja akivuka mto kwa miguu, amebeba kikapu cha mikate. Mto wote umeganda! Nilibaki ukingoni. Wewe hukumbuki, ulikuwa mtoto, lakini tulipokimbia vita nilivuka mto Ruzizi maji yakinifika kifuani, nimekubeba mabegani. Tangu siku ile sikaribii mto.

Bibi aliponiona akagonga barafu kwa kisigino, akaninyooshea mkono. “Pojď,” akasema. Nikaelewa ananiita.

Nikaenda. Tulipofika katikati akafuta theluji kwa glavu, nikaona maji meusi yakipita chini ya viatu vyangu, na mimi sizami. Nililia, Jonasi. Akanishika tu.

Nibusie watoto. Hata wakikujibu kwa Kizulu cha hapo mtaani, waambie shangazi yao ametembea juu ya maji.

Mungu akae nyumbani mwako.

Dada yako,
Spesioza