Kikao cha Dharura Kuhusu Dawa Iliyotiwa Kwenye Rejeta ya Subira

CHAMA CHA LORI LA SUBIRA

Kumbukumbu za kikao cha saba, kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, katika ua wa gereji, kando ya lori lenyewe.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mwenye tanuri la matofali
2. Mweka Hazina, maarufu kama Bwana Risiti
3. Mama Kokoto, dada mkubwa wa Mwenyekiti
4. Mzee wa Mbao
5. Dereva
6. Katibu, mke wa Dereva

MWALIKWA
Fundi, mtoto wa Mama Kokoto na mpwa wa Mwenyekiti

HAKUHUDHURIA
Muuza Saruji, kwa udhuru. Alituma ujumbe kwamba amechoshwa na kelele za chama hiki.

KUMB. NA. 7/1: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa nne badala ya saa tatu kwa sababu Mwenyekiti alichelewa. Waliofika mapema walikalia matairi mabovu na ndoo. Katibu alieleza kwamba anayejadiliwa ni mume wake, akaomba mtu mwingine aandike. Mwenyekiti alijibu kwamba hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka, na kwamba mradi Katibu hapigi kura, hakuna tatizo. Katibu alikubali. Ameandika yaliyosemwa, na pale alipokasirika ameandika kwamba alikasirika.

KUMB. NA. 7/2: TAARIFA YA FUNDI

Fundi alieleza kwamba injini ilishushwa, ikafunguliwa yote na kujengwa upya kwa pistoni, ringi na beringi mpya. Alisema kazi hiyo yote ingekuwa bure kama njia za maji zisingesafishwa, maana Subira imenyweshwa maji ya chumvi miaka nenda miaka rudi, na ndani ya rejeta kulikuwa na kutu na ukoko mweupe kama wa birika. Basi alitia dawa, akawasha injini mpaka ikapata moto, akamwaga. Maji yalitoka rangi ya matope.

Mzee wa Mbao aliuliza ilikuwaje basi injini mpya ikafa safari ya kwanza. Fundi alijibu kwamba aliitwa kwenye gari jingine lililokwama njiani, hivyo hatua za mwisho alimwachia Dereva. "Nilimwambia kila kitu. Suuza mpaka maji yatoke meupe, halafu tia dawa, uende zako. Mtu mzima yule, nimshike mkono?"

Aliendelea kueleza kwamba Dereva alisuuza vizuri, kisha akairudisha ndani ile ile dawa kali ya kusafishia, akaenda nayo machimboni na kurudi na mzigo. Dawa ikala sili ya pampu, ikala gasketi, maji yakaingia kwenye oili, na oili ikawa kama chai ya maziwa. Lori lilirudishwa likivutwa kwa mnyororo, mtaa mzima ukitazama.

KUMB. NA. 7/3: MAELEZO YA DEREVA

Dereva alisema kwamba aliambiwa atie dawa, akatia dawa. Mwenyekiti alimkata kauli. Mzee wa Mbao aliomba mtu aachwe amalize. Mwenyekiti alisema amalize, ila asirefushe.

Dereva alisema: "Galoni ilikuwa pale pale chini alipoiacha yeye. Asubuhi nzima ananiambia nipe dawa, shika dawa, angalia dawa isikumwagikie. Akaondoka akisema nitie dawa. Ningetia nini, juisi?"

Bwana Risiti alicheka. Katibu alikasirika.

Mwenyekiti alisema hata mtoto mdogo anajua kwamba dawa ya kusafishia haiachwi ndani. Mzee wa Mbao alisema yeye ana wajukuu na hakuwa anajua. Mwenyekiti alimwambia kwamba hakuulizwa.

Mama Kokoto alisema kwa ukali kwamba kokoto zake zililala barabarani na wateja wake wamehamia kwa watu wengine. Hata hivyo alimgeukia mwanawe na kumuuliza kama kweli alimwelekeza Dereva sawasawa. Fundi alijibu, "Nilimwelekeza, mama. Haki ya Mungu." Mama Kokoto alisema basi, hana swali tena.

KUMB. NA. 7/4: HATIMA YA DEREVA

Mwenyekiti alieleza kwamba usukani ni dhamana. Alisema, "Huyu ameua injini. Aache funguo hapa, aende." Aliongeza kwamba kuna dereva mwingine ambaye tayari amezungumza naye. Mzee wa Mbao aliuliza amezungumza naye lini, na kwa idhini ya nani.

Dereva alisema kwamba ameendesha Subira tangu chama kianze, hana kazi nyingine, na watoto wake wanakula kwa usukani huo. Alisema haombi huruma. Anaomba lichunguzwe neno aliloambiwa. Mwenyekiti alisema maneno hayafungui injini, akaitisha kura.

Waliotaka Dereva aondolewe walikuwa Mwenyekiti, Bwana Risiti na Mama Kokoto. Mzee wa Mbao alipinga. Dereva alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya pipa la oili lililotumika kama meza, akaanza kuelekea getini bila kumuaga mtu. Katibu aliacha kuandika kwa muda. Kalamu ilikuwa nzima.

KUMB. NA. 7/5: KUTIA DAWA MPYA

Mwenyekiti alieleza kwamba Fundi ameshabadilisha pampu, gasketi na oili, na ameosha upya njia zote za maji. Kilichobaki ni kutia dawa ya kudumu, ile inayozuia maji yasichemke na chuma kisishike kutu. Alitaka wanachama washuhudie kwa macho yao, "asije mtu tena na visingizio." Fundi aliingia chini ya lori kukaza mpira wa rejeta. Mwenyekiti alimwambia Bwana Risiti, "Nenda stoo ulete dawa, utie."

Bwana Risiti alikwenda, akarudi na galoni. Alipanda juu ya bampa, akafungua mfuniko wa rejeta, akaanza kuinamisha. Fundi alichungulia kutoka chini, akaiona galoni. Alitoka mbio, akajigonga kichwa kwenye bampa, akapiga kelele: "Wee! Siyo hiyo! Tia ile dawa nyingine!"

Dereva, aliyekuwa bado anahangaika na komeo la geti, aligeuka. Aliuliza: "Ipi?"

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono. Mzee wa Mbao alimuuliza Bwana Risiti kwa nini alileta hiyo. Bwana Risiti, galoni bado mikononi, alijibu, "Nimeambiwa dawa. Mle ndani mna galoni mbili, rangi moja, hazina maandishi. Nimechukua ya karibu."

Mama Kokoto alimtaka mwanawe arudie maneno aliyomwambia Dereva siku ile, neno kwa neno. Fundi alisema, "Nilisema atie dawa." Mama Kokoto aliuliza kama aliitaja ni ipi. Fundi alijibu, "Mama, sisi mafundi zote tunaziita dawa." Hapo Mama Kokoto alisema mengine ambayo ameomba yasiandikwe, kwa kuwa yeye ni mzazi.

Mwenyekiti alimwagiza Katibu asiandike jambo hili kwa sababu halikuwa kwenye ajenda. Katibu ameandika.

KUMB. NA. 7/6: MENGINEYO

Mama Kokoto aliomba suala la Dereva lirudiwe. Mwenyekiti alijibu kwamba ajenda ikishafungwa imefungwa. Mama Kokoto alimwambia, "Wewe nimekubeba mgongoni. Fungua." Ajenda ilifunguliwa.

Waliotaka Dereva arudi kazini walikuwa Mama Kokoto, Mzee wa Mbao na Bwana Risiti, aliyeomba kwanza apokewe galoni. Mwenyekiti hakuinua mkono. Iliamuliwa Dereva arudi, na galoni ya dawa kali ipakwe rangi nyekundu siku hiyo hiyo. Fundi aliipaka mwenyewe.

Mama Kokoto alichukua funguo kutoka kwenye pipa na kumpelekea Dereva. Dereva hakuzipokea. Alisema, "Nakushukuru, mama. Lakini nimeambiwa mbele za watu kwamba nimeua injini. Aliyeniambia ndiye aniletee." Mwenyekiti alisema ana haraka. Katibu alikasirika kuliko mara iliyoandikwa hapo juu.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa saba mchana. Hakuna aliyesema tumefunga kwa amani, kwa hiyo haikuandikwa.

Kumbukumbu hizi zilisomwa kwa Mwenyekiti siku ya Jumatatu. Aliagiza neno "Ipi?" lifutwe, na badala yake iandikwe "Dereva aliomba ufafanuzi." Katibu alikataa. Funguo ziko kwa Mama Kokoto, ambaye amesema hazitoki nyumbani kwake mpaka mdogo wake aje kuzichukua na kuzipeleka kwa mkono wake.

KATIBU: (sahihi)

MWENYEKITI: ........................ (bado)