Jina Langu Bado Nalitumia

Tarehe 6 Juni, miaka minne na siku mbili tangu niondoke.

Mdogo wangu,

Hongera kwa kujifungua. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kubeba zege miaka yote hii, jengo baada ya jengo. Unasema mpwa wangu apewe jina la babu au langu, na mama anashikilia langu. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Mwambie mama bado napumua, ni pasipoti tu iliyofungiwa kabatini kwa bosi. Nikiiomba hucheka: "Una haraka ya nini, fundi? Maliza jengo kwanza." Mpeni la babu. Langu bado nalitumia.

Nitarudi jengo hili likiisha. Jana tulianza kuchimba msingi.

Kaka yako