Helikopta Iliyosubiri Juu ya Dunga

S.L.P. 1187,
Kisumu.
8 Machi, 1998.

Mpendwa dada Nelima,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Kisumu na kutoka kwa mama kule Kimilili. U hali gani huko Francistown? Ile homa ya kifua uliyoandika habari zake imekuachilia? Na wanafunzi wako wa kidato cha nne, walifanyaje mtihani? Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, maana utazihitaji.

Sisi kwa upande wa mwili hatujambo. Wifi yako Selpha aliugua malaria mwezi wa kwanza lakini sasa anakwenda kazini. Watoto wamerudi shuleni. Mvua imepungua, ingawa mashamba ya Kano bado yanaonekana kama ziwa lingine, na ukiwa juu ya mnara wetu wa kuongozea ndege huwezi kujua maji yanaishia wapi na nchi kavu inaanzia wapi.

Barua zako mbili nilizipata. Hazikupotea posta. Nilizisoma, nikazitia kwenye droo, na kila Jumapili nilichukua karatasi nikaandika tarehe, halafu nikaacha. Nisamehe kwa kimya hicho.

Umeniuliza mara mbili jina la mtu aliyekuwa akiongoza ndege siku ambayo ndugu yetu Enos alikufa. Umesema umesikia kwamba helikopta aliyokuwamo ilizuiwa angani, na kwamba mimi ninafanya kazi palepale, haiwezekani nisimjue aliyeizuia. Kweli dada, ninamjua. Ni mimi.

Nitakueleza yote kwa utaratibu, kama nilivyowaeleza wale watu waliotoka Nairobi kuchunguza.

Ulipoondoka hapa mwaka wa tisini na moja, Enos alikuwa kijana wa shule mwenye kelele nyingi. Alikua, akamwoa Dorca, msichana wa Katito, na wakapanga chumba mtaa wa Manyatta. Alikuwa akinunua samaki ufuoni na kuwauza soko la Kibuye. Magugu maji yalipofunika ziwa, mashua zikashindwa kutoka, na yeye akakaa bila kazi miezi minane. Alikuwa akija kwangu kila Jumamosi, anachekesha watoto, anakula, anaondoka bila kuniomba chochote. Hilo ndilo lililoniuma.

Mvua hii kubwa ilipoanza mwezi wa kumi, shirika moja la misaada lilileta helikopta kupeleka mahindi na dawa kwa watu waliozingirwa na maji kule Nyakach. Walihitaji watu wa kupakia na kushusha magunia. Mimi nilikuwa nikizungumza na rubani wao kwa redio kila siku, Kapteni Walter, mtu mpole. Nikamwambia nina mdogo wangu mwenye mgongo imara. Kesho yake Enos akaanza kazi.

Dada, sijawahi kuona mtu akipenda kazi namna ile. Waliokuwa wakipelekewa chakula ni watu wa kwao Dorca, na Enos alikuwa akirudi na habari za nani ameokoka, nani amehamia juu ya paa, nani amejifungua ndani ya kanisa. Dorca alikuwa akimngoja ampe habari hizo. Yeye mwenyewe alikuwa mjamzito, miezi mitano.

Sasa nikueleze jinsi kazi yangu ilivyo, ili unihukumu kwa haki. Hatuna mashine ya kutuonyesha ndege ilipo. Tuna redio, darubini, macho yetu, na vipande vya karatasi tunavyoandika kila ndege iko wapi na kwa kimo gani. Zamani ndege zilikuwa chache, ungeweza kunywa chai kikombe kizima kati ya moja na nyingine. Lakini tangu mafuriko yaanze zilijaa: za abiria, za mizigo, za misaada, na hiyo helikopta ikiingia na kutoka mara sita au saba kwa siku. Helikopta na ndege ya abiria hazipatani angani. Moja ni nzito na ina mwendo mkali, haiwezi kusimama. Nyingine ni nyepesi na inaweza kusubiri. Kwa hiyo inayosubiri ni helikopta. Hiyo ndiyo kanuni, na mimi mwenyewe nimeifundisha kwa vijana wapya.

Tarehe kumi na nne Januari, Jumatano, saa kumi kasoro dakika chache alasiri, ndege ya abiria kutoka Nairobi ilikuwa inakuja kutua. Ilikuwa na watu arobaini na sita. Upepo ulikuwa unatoka milimani, kwa hiyo ndege ililazimika kuzunguka na kuingia kutoka upande wa ziwa. Wakati huohuo Kapteni Walter akaita. Alikuwa anarudi kutoka Nyakach, yeye na Enos peke yao, magunia yote yameshushwa. Nilimwambia asubiri juu ya Dunga, ule ufuo wa wavuvi, azunguke hapo mpaka ndege ya abiria itue. Akakubali.

Nilitazama mashariki. Wingu la mvua lilikuwa limeanza kushuka kutoka Nandi. Niliona bado liko mbali.

Ndege ya abiria ikashuka, lakini mvua nyingine nyembamba ilikuwa imetandaa mbele ya uwanja na rubani hakuiona njia ya kutua. Akaniambia anapanda tena kujaribu upya. Ikapita juu yetu ndani ya wingu, tukaisikia tu, mimi na mwenzangu Oketch, wala hatukuiona. Ilitakiwa igeuke kulia kurudi ziwani, na kule kugeuka kungeipitisha juu ya ghuba ile iliyo kati ya uwanja na Dunga.

Ndipo Kapteni Walter alipoita mara ya pili. Alisema mvua iko nyuma yake na inakuja kwa kasi, akaomba avuke sasa hivi, ni dakika tatu tu. Nilishika kipaza sauti cha redio mkononi. Nilikuwa na ndege ya watu arobaini na sita ndani ya wingu, siioni, sijui imegeuka mapema au imechelewa, na helikopta inataka kupita chini yake. Nilimwambia asubiri.

Hakujibu mara moja. Kisha akasema, sawa, anasubiri.

Hizo ndizo dakika ambazo nimeziishi kila siku tangu hapo. Ndege ya abiria iliingia mara ya pili, ikatua salama, watu wakashuka na mizigo yao wakikimbia mvua. Nikaita helikopta, nikaipa ruhusa ya kuja. Rubani akasema haoni kitu, anajaribu kutua ufuoni. Nikaita tena. Nikaita tena. Oketch alichukua darubini, lakini upande wa Dunga ulikuwa mweupe tupu kama ukuta.

Ilianguka majini, hatua kama mia nne kutoka ufuoni. Wavuvi waliisikia wakaenda na mashua mbili, lakini magugu maji yaliwazuia, ikabidi wayakate kwa panga huku mvua ikiwapiga. Walichukua karibu saa moja kufika mahali ambapo zamani ungefika kwa kupiga makasia machache. Kapteni Walter walimkuta amejishikilia kwenye kipande cha mlango, amevunjika nyonga. Enos walimtoa akiwa amekwisha kufa. Mkanda ulikuwa bado umemfunga.

Mazishi ulisimuliwa na shangazi Rosa, sitarudia. Simu ya upepo tulikutumia siku ileile, na tunajua ilikufikia baada ya siku tano. Hakuna anayekulaumu.

Wachunguzi walikaa hapa siku nne. Walisikiliza kanda yote ya redio, sauti yangu na ya Kapteni Walter. Waliandika kwamba nilifuata kanuni, na kwamba kama ningemruhusu avuke, ndege zote mbili zingeweza kugongana. Mmoja wao, mzee wa makamo, alinipa mkono akaniambia niliokoa watu wengi. Niliutazama ule mkono.

Nilidhani hilo ndilo zito kuliko yote. Halikuwa.

Mwanzoni mwa Februari nilikwenda hospitalini kumwona Kapteni Walter. Nilitaka kumwomba msamaha. Alinisikiliza, akageuza uso ukutani, halafu akasema kuna jambo ambalo hakuwaambia wachunguzi, kwa kuwa halikuwahusu wao. Nilipomwambia asubiri mara ya pili, yeye alikuwa ameamua kuvuka bila ruhusa yangu. Alikuwa ameshaanza kuigeuza helikopta.

"Enos alikuwa na vipokea sauti masikioni," aliniambia. "Alikuwa anatusikia. Akanishika bega akasema, 'Huyo ni kaka yangu. Akisema tusubiri, ujue ameona kitu.' Nami nikasubiri."

Nelima, nilikuwa sijaona kitu. Nilisema wasubiri kwa sababu sikuona.

Nilirudi kazini kwa sababu niliruhusiwa. Siku ya tatu helikopta nyingine iliita, sauti ya rubani mgeni kabisa, ikiomba kuvuka. Nilifungua mdomo, maneno yakakataa kutoka. Oketch alinyosha mkono akachukua kipaza sauti, akamjibu badala yangu. Tangu siku hiyo niko ofisi ya chini, napokea karatasi za safari za marubani na kuzipiga mihuri. Nimeandika barua ya kuomba nibaki huko.

Dorca nilimweleza kwamba ni mimi niliyewazuia. Hakunipigia kelele. Alikunja nguo zake na zile alizomwandalia mtoto, akasema anakwenda kwao Katito kujifungulia huko. Selpha alimsindikiza mpaka stendi. Nimempelekea salamu mara mbili kupitia watu wa soko, hazijajibiwa, na naona ana haki.

Juma lililopita nilikwenda Kimilili. Nilifika asubuhi, nikamkuta mama uani anachambua maharagwe. Sikunywa hata maji. Nilimweleza yote, la kanda, la wachunguzi, na lile la hospitalini. Nilipofika kwenye maneno ya Enos niliyakosea, nikaanza upya.

Mama aliendelea kuchambua. Mikono yake haikusimama. Akaniuliza, "Alijua ni wewe unayesema?"

"Alijua, mama."

"Naye akakutii."

"Ndiyo."

Akatupa mawe aliyokuwa ameyatoa kwenye maharagwe. Akaniambia, "Ungemwambia avuke, na ile kubwa imwangukie, leo bado ningekuwa na mtoto aliyekufa, na wewe ungekuwa na damu ya watu wote wale. Najua hivyo. Lakini usinitake niseme kwamba ulifanya vizuri. Sitaweza kulisema."

Nilimwambia simtaki aseme.

Akasukuma ungo ukawa kati yetu. "Kaa hapa, unisaidie," akasema. Tulichambua mpaka yakaisha. Aliyapika, tukala pamoja, na alinipakulia yeye mwenyewe. Nilipoinuka kuondoka aliniagiza mambo mawili. La kwanza, nisimwambie Dorca maneno ya Enos mpaka atakapokuwa amejifungua na kupata nguvu, na siku hiyo mama atakwenda nami Katito, tutaingia pamoja. La pili, nikuandikie wewe kwa mkono wangu, usije ukasikia kutoka kwa mtu mwingine. Ndiyo sababu leo sikuiacha karatasi.

Sikuandiki ili unisamehe, dada. Wewe ndiye uliyemlea Enos mama alipokuwa akilazwa kila mara, ulimbeba mgongoni ukienda kuchota maji, na hasira yako ni yako. Uliahidi katika barua yako kwamba huyo mtu ukimjua jina utamlaani. Sasa umelijua. Fanya utakaloona.

Kaburi lake liko upande wa juu wa nyumba, karibu na la baba. Udongo umeshuka kwa sababu ya mvua, nimeongeza mwingine. Mama anataka msalaba wa mbao usimamishwe mwezi wa nane, na anataka uwepo. Anahesabu likizo za shule za huko kana kwamba ni za hapa.

Selpha anakusalimu sana. Watoto wanakusalimu, na mdogo anauliza kama Botswana kuna simba. Shangazi Rosa anakusalimu, pia Oketch, ambaye hamjaonana lakini ameomba nimtaje. Nasi tunawasalimu shemeji Wanyonyi na watoto wote.

Mungu akutangulie katika kazi na akulinde njiani siku utakapokuja. Kama huwezi kuniandikia mimi, mwandikie mama. Nitamsomea, na jina langu lisipokuwamo nitasoma vivyo hivyo mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye bado,

Joram Wasike