Kabati la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
…wala sibishi, shoga yangu ana haki. Nimelala na maneno yake, nimeamka nayo. Yeye anauza kwenye duka la dawa, kazi yake kuandika kwenye pakiti: kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi! Mimi kusimulia harusi yangu kwenye blogu, nimejaza kurasa. "Nimekusoma mpaka chai imepoa," kasema, "na bibi harusi bado yuko bafuni!" Tulicheka hadi machozi. Eti niandike mafupi, siku hizi watu wanasoma wamesimama.
Haya, nitajaribu. Lakini huyu mume nitamfupisha vipi? Jioni karudi kazini, mikono baridi kama friji anazotengeneza, akanishika mashavu yote mawili. Hapo kuna aya tatu! Aya tatu tamu!

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeandika kuhusu kabati. Mama mkwe katupa kabati lake mwenyewe, lile aliloanzia ndoa yake. Mlango mmoja haufungi, kwa hiyo nikiwa kitandani naona mashati ya mume wangu na magauni yangu yamebanana bega kwa bega — kama sisi! Niliandika yote. Alivyolipangusa kwa mkono wake. Alivyosema, "Humu sikuweka kinyongo hata siku moja, nanyi msiweke." Nililia nikiandika.
Kisha nikaanza kukata. Kata, kata, kata! Ikabaki hivi: "Mama mkwe katupa kabati. Mlango haufungi. Mashati yanatuchungulia tukilala."
Mume kacheka sana. Shoga katuma ujumbe: sasa umeiva!

Ijumaa, 7 Machi
Maoni yamemiminika, sijawahi kuona! Mmoja kasema tumetupiwa mzigo. Nikacheka. Mwingine: pole dada, wakwe ndio walivyo. Nikacheka kidogo. Wa tatu kauliza kama hilo kabati lilitoka jalalani. Sikucheka tena.
Kumbe wifi yangu humsomea mama yake kila ninachoandika! Hata maoni kamsomea. Jioni mama mkwe akampigia mume wangu simu. Kama kabati halifai, atatuma mtu alichukue. Hivyo tu. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha!
Mume hakunilaumu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akausukuma ule mlango. Ukafunguka. Akausukuma tena.

Jumapili, 9 Machi
Nimefuta ile habari. Shoga kanijia juu: "Nilikwambia ukate maneno, wewe umekata shukrani!" Kweli tupu. Nilibakiza kichekesho, nikatupa kile nilichotaka kusema. Nitajifunza tu, lakini si kwa mgongo wa mama wa watu.
Nikakaa kuandika upya, ndefu, ya kumwomba radhi. Mume wangu akaifunga kompyuta taratibu. "Huyu si msomaji wako, mke wangu. Ni mama. Mpigie." Jamani, nampenda huyu mtu!
Nikapiga. Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia.
Shikamoo, mama.
Marahaba.
Nyuma yake redio inaimba kwa nguvu zote. Gunia lote likamwagika, nikabaki mikono mitupu. Nikasema tu: nisamehe mama, kabati hilo ndicho kitu kizuri kuliko vyote chumbani kwetu, na mimi sikuliandika hivyo.
Mume ananifanyia ishara, endelea, endelea. Nikasema tutakuja kukuona, mimi na mwanao, kabla mwezi haujaisha.
Nikamsikia akimwambia wifi apunguze redio.
"Hebu rudia," akasema. "Sijasikia vizuri."
Nikarudia polepole, neno kwa neno: tutakuja, mama. Mwezi huu hautaisha hatujafika —